Sefu Kabla ya Bastola

Mama Nshobole amefariki Bukavu. Habari ilinikuta huku kusini, Randburg, nikiwa kwenye foleni ya kuku wa kuchoma, watu wanane mbele yangu, njaa ya kuweza kula kuku wa wote wanane. Simu ilitetemeka mfukoni. Nikaona picha yake na mshumaa, na chini yake maneno machache ya binti yake mkubwa: Mama ametutoka. Nikatoka kwenye foleni bila kuku. Sisi tuliokaa lile jengo la Berea tumetawanyika kama punje za mtama, mmoja yuko Kanada anasukuma theluji, mwingine alirudi Bujumbura, lakini bado tuna kundi letu la WhatsApp, na siku ile kila mtu aliandika anachokikumbuka. Mmoja aliandika cherehani yake. Mwingine aliandika sombe yake, kile kisamvu cha mawese, na jinsi alivyomtukana tapeli mmoja kwenye korido mpaka tapeli akaomba maji. Mimi niliandika nikafuta mara mia nne. Ninachokikumbuka hakikai kwenye ujumbe wa rambirambi. Nakumbuka mwaka mmoja, ule niliohangaika kununua bastola.

Habari za ukoo na za nilikozaliwa hazimo humu. Aliye na haja nazo anajua pa kuniuliza. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Mchana nilikuwa mlinzi wa geti kwenye jengo la ofisi Randburg. Nilinyanyua kizuizi, nikashusha kizuizi, nikaandika namba za magari, nikasalimia watu elfu kumi na mbili kwa siku ambao hakuna hata mmoja aliyejua jina langu. Jioni nilikwenda shule ya watu wazima mjini kutafuta cheti cha kumaliza sekondari, kile ambacho hapa wanakiita matriki. Darasa letu lilijaa madereva, mayaya na wapishi, tukisinzia kwa zamu ili angalau mmoja abaki macho amsikilize mwalimu. Halafu nilirudi Berea, ghorofa ya sita. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa zamani mno, nadhani walishaifanyia hata matanga. Fleti yetu ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja kilikuwa cha Mama Nshobole, mshonaji, na binti zake wawili. Sebule ilikatwakatwa kwa mapazia, nyuma ya mapazia wakaishi watu saba au sabini, sikupata kuwahesabu. Chumba cha pili kilikuwa changu, changu peke yangu, na katika jengo zima ilikuwa anasa kubwa kupita zote. Nilikuwa na kitanda, jiko la umeme la plati moja, na ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya nilijibu "afya" kimoyomoyo. Kimoyomoyo tu. Niliondoka kabla hawajaamka, nikarudi wamechoka, na kwa miezi kumi na minne sikuwa nimekaa kwenye kiti cha mtu yeyote.

Majira ya baridi ya mwaka ule niliporwa mara tatu nikienda kupanda teksi, saa kumi na moja alfajiri. Mara ya kwanza walichukua simu. Ya pili walichukua simu niliyonunua badala ya ile simu. Ya tatu sikuwa na simu, kwa hiyo walikasirika, wakachukua viatu na kunipiga mpaka uso ukavimba kama mandazi. Nililala ndani siku mbili. Ng'ambo ya ukuta cherehani ilikuwa inakimbia, redio inaimba, watu wanacheka. Siku ya pili nikamsikia mtu wa mapaziani akiuliza, "Monsieur wa chumba cha pili, leo hakutoka?"

"Labda yuko kazi," akajibu mwingine.

"Viatu vyake havipo mlangoni."

"Basi yuko kazi. Yule naye anajiona sana. Hata chumvi hajawahi kuomba."

Viatu havikuwepo mlangoni kwa sababu vilikuwa vimeibwa. Ningekohoa tu wangejua nipo. Sikukohoa. Nikabana kikohozi, nikatazama dari, na hapo ndipo nilipokata shauri. Mtu mwenye akili angekata shauri kuomba chumvi. Mimi nilikata shauri kununua bastola.

Hapa bastola hainunuliwi kama viazi. Kwanza uwe raia au uwe na karatasi ya ukaazi wa kudumu, na mimi nilikuwa nimeipata mwaka uliotangulia baada ya kuzeeka kwenye foleni. Halafu usome kozi ya silaha, ufanye mtihani wa sheria na wa shabaha, upate cheti. Risasi yangu ya kwanza katika mtihani ule nadhani ilitua Pretoria, lakini ya kumi ilitoboa karatasi, na mkufunzi akanipitisha akisema amewahi kuona wabaya zaidi, ingawa hakusema wangapi. Nilipopata cheti nikaenda dukani. Duka la silaha lilikuwa mtaa wa pili kutoka getini kwangu, dogo, lenye nondo dirishani, na mwenyewe alikuwa mzee wa Kikaburu aliyeitwa na wote Oom Fanie, yaani mjomba Fanie. Alikuwa na ndevu kama ufagio na alinuka mafuta ya mashine.

"Unataka nini?" akaniuliza.

"Bastola."

"Hapa kila mtu anataka bastola. Una kiasi gani?"

Nikamtajia akiba yangu ya miaka mitatu kwa sauti ya mtu anayetaja mali. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama vile tatizo lilikuwa kwenye miwani.

"Hiyo si pesa ya bastola," akasema. "Hiyo ni pesa ya bastola, na sefu, na leseni, na mkoba wa kiunoni, na risasi za mazoezi. Watu wananunua bastola ya pesa yao yote, halafu hawana hata risasi moja ya kujifunzia. Wamenunua nyundo ghali."

Mimi jicho lilikuwa limeshaganda kwenye kabati la kioo, kwa bastola moja iliyong'aa kama jino la dhahabu la pasta. Oom Fanie alifuata macho yangu akatikisa kichwa. Akaniuliza kwa nini sitaki rivolva, ile ya kizunguko, ambayo ni rahisi na haikwami. Nikamwambia nataka ile inayojipakia yenyewe, kwa sababu ndiyo niliyofanyia mtihani na mkono wangu umeshaizoea. Akasema sawa, hiyo angalau ni sababu ya mtu mzima. Akatandika kitambaa cha kijani juu ya kaunta, akazitoa tatu zilizotumika, moja moja, kila moja akaondoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akavuta kile chuma cha juu nyuma, akanionyesha kwa kidole kwamba ni tupu. Halafu akaniambia nifumbe macho.

"Macho ni mjinga," akasema. "Macho yananunua rangi. Shika kwa mkono, elekeza ukutani, sema ipi inakaa."

Ya kwanza ilikuwa nene, nikahisi nimeshika tofali. Ya pili ilikaa vizuri, lakini akasema magazini zake zinaagizwa ng'ambo, na bastola yenye magazini moja ni mtu mwenye suruali moja. Ya tatu ilikaa. Sijui niseme vipi. Ilikaa kama mkono wa mtu unayemsalimia mnayejuana. Nikafumbua macho nikaona chuma kuukuu cha Kicheki, cha milimita tisa, rangi imechubuka pembeni kama sufuria ya bweni. Nilitaka kulia. Mzee akasema risasi zake ndizo za bei ya chini kuliko zote, vipuri vimejaa nchi nzima, na mtutu wake bado mzima. Nikailipa nusu, nusu nyingine kidogo kidogo kila mwezi. Na hata ningeilipa yote nisingeondoka nayo, maana bila leseni inabaki dukani ikisubiri.

"Sasa nenda kanunue sefu," akasema Oom Fanie.

"Si nisubiri leseni kwanza?"

"Sefu kwanza. Polisi hawaji kuangalia bastola, kijana. Wanakuja kuangalia mahali itakapolala."

Masefu madogo ya bastola yalikuwa ghali kunipita. Lakini kwa dalali mmoja kulikuwa na sefu kubwa, la bunduki ndefu, refu kunifika kidevuni, ambalo hakuna aliyelitaka kwa sababu hakuna aliyeweza kulibeba. Aliniuzia kwa bei ya kuondoa takataka. Nililipa wapagazi wanne walipandishe ghorofa sita. Ghorofa ya tatu mmoja wao akaacha dini, ghorofa ya nne mwingine akaipata. Tulipofika juu, korido nzima ilikuwa imetoka kutazama. Likabaki jambo moja. Sheria inataka sefu lifungwe ukutani kwa bolti, na msimamizi wa jengo, Baba Mkhize, alikuwa amekataza mtu yeyote kutoboa kuta zake hata kwa msumari wa kalenda.

Akaja na shati lake la kaki, akalizunguka sefu mara mbili, akaligonga kwa kidole.

"Eish. Hili hata moto hauingii?"

"Hauingii, baba."

"Na maji?"

"Labda yakiwa bahari."

Halafu akasema ananiruhusu kutoboa bolti nne, na yeye mwenyewe ataleta drili, kwa sharti moja. Akaondoka, akarudi na bahasha iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Ilikuwa barua ya lobola, mapatano ya mahari ya mkewe, yenye sahihi za wajomba wa pande zote mbili, na nusu ya wajomba wale walikuwa wameshakufa. Mdogo wake alikuwa na mdomo mrefu na tabia ya kupekua, na kulikuwa na maneno kwenye ukoo kuhusu ng'ombe gani walitolewa na nani. "Iwekee humo," akasema. "Mpaka bastola yako ije."

Kelele za drili ndizo zilizomleta Mama Nshobole. Alisimama mlangoni kwangu kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne, futi ya kupimia nguo shingoni, pini nne mdomoni.

"Monsieur, unabomoa nyumba ama unajenga?" akasema pembeni ya pini. Kisha akaona uso wangu, ambao bado ulikuwa na rangi za kila aina, akazitoa pini. "Mungu wangu. Nani alikupiga?"

"Ni zamani, mama. Wiki tatu."

"Wiki tatu! Na mimi niko hapa nyuma ya ukuta nashona tu." Akaingia bila kuombwa, akakaa kitandani, kwa sababu hakukuwa na kiti. Akaniuliza jina langu. Nikamwambia naitwa Deo. Akasema, "Basi, Papa Deo, ile kitu ya chuma, ndani iko nini?" Nikamwambia haina kitu, ila barua ya msimamizi. Halafu akaenda chumbani kwake akarudi na mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi. Mlikuwa na karatasi yake ya hifadhi ya ukimbizi, ile inayosainiwa upya kila baada ya miezi kadhaa baada ya kulala foleni, vyeti vya kuzaliwa vya binti zake, na hati ya kifo cha mumewe. Alikuwa akivilaza chini ya godoro, na bomba la juu lilikuwa limeshavilowesha mara moja. "Kama wewe haiko na neno," akasema.

Sikuwa na neno. Kwa muda wa wiki sita sefu lile likajaa. Watu wa jengo letu walikuwa hawana mali, walikuwa na karatasi, na karatasi ndiyo iliyokuwa inasema wao ni nani na wana haki ya kulala wapi. Jengo la jirani lilikuwa limeungua mwaka uliopita, watu wakatoka wazima na kukuta hawapo, kwa maana hapakuwa na kitu cha kuthibitisha kwamba wapo. Basi wakaja. Juvenali, kinyozi wa Kirundi wa mlango wa mbele yetu, alileta diploma ya ualimu, maana nyumbani kwao alifundisha fizikia. Watu wa mapaziani walileta pasipoti, kadi za kliniki, picha za harusi. Shangazi mmoja wa ghorofa ya nne alileta hati ya kiwanja cha Uvira ambacho, kwa maelezo yake, sasa kilikuwa na kambi ya jeshi juu yake, lakini kiwanja ni kiwanja. Kila mmoja na faili lake la plastiki na jina juu. Mimi sikufungua hata moja, ila walinifungulia wenyewe.

Kwa sababu mtu akishaweka karatasi yake mahali, hatulii. Jumamosi mchana, baada ya kufua, mlango uligongwa. "Papa Deo, nimekuja kusalimia karatasi yangu." Nilizungusha ufunguo, wakaitoa, wakaitazama pande zote kama mtoto aliyerudi kutoka shule ya bweni, kisha wakakaa. Na mtu hakai bila kitu mkononi. Niliona sahani za bukari na ndakala, yaani ugali na dagaa, maharage ya Kirundi yaliyopikwa kwa mawese mpaka yakasahau kuwa maharage, chapati, chai ya tangawizi ya kuamsha maiti. Mwezi wa kumi nilinunua viti viwili. Desemba nikanunua benchi. Nilijua sasa nani amegombana na nani, binti gani amekataa kusema Kiswahili kwa sababu shuleni wanamcheka, mgonjwa yupi amepona. Niliongezeka kilo hamsini, au tano. Nikichelewa shule nilisikia kesho yake, "Jana ulirudi saa ngapi, wewe? Tuliacha chakula mpaka kikaganda." Kukemewa namna ile kulinifanya nilale nikicheka peke yangu ukutani.

Na wakati wote huo, kila Ijumaa saa ya chakula, nilikwenda kumwona yule Mcheki wangu dukani. Oom Fanie alitandika kitambaa cha kijani, akaitoa, akanionyesha ni tupu, tukaitazama pamoja tukitafuna nyama kavu. Nilikuwa nimeandika barua ya kuomba leseni, kurasa kumi na moja kwa mkono. Mwalimu wangu wa Kiingereza alisema ndiyo insha yangu bora, hasa pale nilipoeleza giza la alfajiri. Leo nikiisoma kichwani naona niliandika kurasa kumi na moja kuwaambia polisi jambo ambalo lingetosha mstari mmoja, kwamba nilipigwa na hakuna aliyejua. Lakini wakati naiandika, majirani walikuwa wameshajua. Hilo ndilo sikuliona. Nilikuwa naandika habari ya mtu wa Julai, na nje mlango unagongwa.

Machi akaja sajini wa kukagua sefu, mwanamke mnene mwenye pumzi za ghorofa sita. Nilimpa kiti na maji. Alipopoa akajaribu kulitikisa sefu, halikutikisika, akafurahi. "Bolti nzuri," akasema. "Fungua." Nikafungua. Akatazama mafaili, juu mpaka chini, kwa muda wa kutosha kuchemsha maharage.

"Hizi ni zako?"

"Ni za majirani."

"Bastola italala wapi?"

Nikamwonyesha kijinafasi cha juu. Akatikisa kichwa, si kwa ukali. "Sikiliza, kaka. Sefu la silaha linafunguliwa na mtu mmoja. Kila mwenye karatasi humu ana haki ya kugonga mlango akakwambia fungua. Leo anatafuta pasipoti, kesho ameona bastola, keshokutwa mtoto wake ameambiwa iko wapi. Siwezi kusaini." Akaandika kitu kwenye fomu yake. "Nakupa wiki mbili. Nikikuta tupu, nasaini. Nikikuta hivi, ombi lako nalirudisha, na hutanichukia, maana hiki nacho ni kitu kizuri. Ila chagua kimoja."

Kabla ya kushuka alitaka kumuuliza jirani mmoja kama mimi ni mtu wa fujo. Akagonga kwa Mama Nshobole. Nilisikia yote, ukuta ule nilishausifu. Mama hakuwa na Kiingereza kingi. Alikigawa kwa uangalifu kama sukari ya wageni. Akasema mimi ni mtu mzuri. Mimi silewi. Mimi natunza. Sajini akauliza, natunza nini? "Watu," akasema Mama Nshobole.

Wiki mbili zile hakuna aliyeniuliza kitu, na ndivyo nilivyojua kwamba wote wanajua. Jumamosi ya kwanza walikuja wachache, wakakaa ukingoni mwa viti. Usiniulize kwa nini sikusema palepale kwamba bastola ibaki kwa Oom Fanie. Nimejiuliza kwa miaka ya kutosha watu wote wa Berea. Nilikuwa nimelipa karibu yote. Nilikuwa na cheti, nilikuwa na kurasa kumi na moja. Na kila alfajiri, kwenye kona ile nilipoporwa, karibu na roboti, zile taa za barabarani zisizowaka, uso wangu ulikuwa bado unakumbuka. Mwoga haulizwi hesabu. Siku moja nikawasikia mapaziani.

"Ataturudishia."

"Mwache arudishe. Alipigwa, wewe hukupigwa."

"Sisemi kitu. Nasema tu tutarudi chini ya godoro."

Nilirudisha faili moja moja, mlango kwa mlango. Ingekuwa nafuu wangenitukana. Wote walinishukuru. Baba Mkhize alipokea barua yake ya lobola kwa mikono miwili, akasema, "Sharp, mfanangu," yaani sawa, kijana wangu, akafunga mlango polepole sana. Mama Nshobole alikuwa wa mwisho. Nilimwambia ni sheria, mama, si mimi. Akasema anajua. Akasema hata yeye angekuwa mwanaume na akapigwa hivyo angetaka kitu. Halafu akaniuliza kama nina mfuko mwingine wa plastiki, ule wa zamani umetoboka.

Sajini alirudi, akakuta patupu, akasaini. Mei nikapata ujumbe kwamba leseni imetoka. Oom Fanie alinifungia Mcheki kwenye boksi, akanipa kitambaa cha kijani bure, akanikumbatia, jambo ambalo nadhani lilimshangaza yeye zaidi. Nikaileta nyumbani, nikaifungia kwenye sefu la kutosha tembo. Ilikaa chini kabisa kwenye kona, kama mdudu ndani ya kabati.

Jumatatu nilimuuliza bosi wangu wa ulinzi kama naweza kuja nayo kazini, niifungie ofisini, nirudi nayo. Alinyoosha kidole juu ya kichwa changu. Pale getini, kwenye nguzo niliyoegemea kwa miaka minne, palikuwa na kibao cheupe chenye bastola iliyokatwa na mstari mwekundu. Mimi ndiye niliyekuwa nawaonyesha wageni kibao kile. Mimi ndiye niliyekuwa nawageuza. Shuleni mkuu alicheka kabla sijamaliza swali. Kazi hairuhusu, shule hairuhusu, na maisha yangu yote yalikuwa kazi na shule na barabara ya katikati. Kwa hiyo bastola ilibaki nyumbani kulinda sefu, nami niliendelea kutembea kona ile alfajiri mikono mitupu, nikikimbia kidogo. Jumamosi nilifungua mlango nikauacha wazi. Watu walipita. Walisalimu vizuri. Kwenye benchi nikaanza kuweka nguo za kupiga pasi.

Mwishoni mwa Agosti matokeo ya matriki yakatoka. Nilikuwa nimefaulu. Niliisoma karatasi kwenye ngazi za shule, nikaisoma kwenye teksi, nikaisoma chumbani, nimesimama, kwa sauti, mbele ya sefu. Halafu sikuwa na la kufanya tena. Ilikuwa Jumamosi mchana. Kwa Juvenali, mlango wa mbele, walikuwa wanacheka. Nilikuwa nimesikia kwamba wamenunua sanduku la bati, la kufungwa kwa kufuli mbili, na linakaa chini ya kiti cha kunyolea. Nikachukua bahasha, nikavuka korido. Hatua nne. Nilizivuka kwa muda wa nusu saa.

Waligeuka nilipoingia. Walikuwa sita au saba, sahani zimeshalambwa. Mama Nshobole alikuwa karibu na dirisha, anashona pindo kwa mkono.

"Monsieur," akasema Juvenali, mashine ya kunyolea mkononi. "Unanyoa?"

"Hapana. Nimeleta karatasi. Mniwekee."

Akatazama nywele zangu, akatazama bahasha. "Si una sefu wewe? La kutosha familia ya faru."

"Halina nafasi," nikasema.

Hakuna aliyecheka, na namshukuru kila mmoja wao mpaka leo. Mama Nshobole akanyoosha mkono bila kuinua kichwa. "Lete nione." Nikampa. Akaisogeza karibu na dirisha, akaisoma herufi kwa herufi, midomo inacheza, mpaka akafika chini.

"Hii D ni ya nini?"

"Ya hesabu, mama."

"Hesabu, D? Na Juvenali yuko hapa kila siku, mwalimu mzima, unashindwa kuvuka korido?"

"Hakuuliza," akasema Juvenali.

"Hakuuliza," akarudia Mama Nshobole, akanitazama sasa. Akairudisha karatasi ndani ya bahasha, akailainisha kwa kiganja kama nguo iliyotoka pasi, akampa Juvenali. Yeye akainama chini ya kiti, akafungua kufuli ya kwanza, akafungua ya pili. Akaniambia masharti ni ya wote: mwenye karatasi anakuja kila wiki kuisalimia, asipokuja wiki tatu wanaitoa nje koridoni. Nikasema nitakuja. Nilibaki nimesimama, sijui kama mazungumzo yamekwisha.

"Kaa basi, Papa Deo," akasema Mama Nshobole, akivuta uzi. "Unanizibia mwanga."

Nikakaa.